Zamu ya Jumapili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, Kaka alisimama kwenye mlango wa jikoni, viatu mkono wa kushoto, akamnyoshea dada yake mkono wa kulia. Dada yake alijifuta povu la sabuni kwenye sketi, akaushika. Walisimama hivyo, kiganja kwa kiganja, kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji. Kisha Kaka akashusha pumzi ndefu, akajinyoosha mpaka mgongo ukalia, akavaa viatu. Dada yake akajipapasa chini ya mbavu za kushoto, akakuta uvimbe umefika salama, akalegeza mkanda wa sketi tundu moja.

"Leo uvimbe umeamka vibaya," Kaka alisema. "Umenisukuma tangu alfajiri."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Sijui umezipeleka wapi."

"Haya, nenda. Viti havitajipanga vyenyewe."

Kaka akaenda zake ufukweni, ambako alikuwa akikodisha viti vya kulalia na miavuli mikubwa ya jua. Siku hiyo aliibeba miavuli miwili miwili begani, akipiga mluzi.

Ndivyo walivyokuwa wakipokezana ugonjwa wa mama yao, na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Walikuwa watoto watatu. Wa kwanza ndiye Kaka. Wa mwisho waliendelea kumwita Kitinda hata baada ya kuolewa, naye alikaa kwenye kibanda chenye dirisha dogo akiuza tiketi za boti za matembezi. Wa katikati, yule wa povu la sabuni, alikuwa na jina zuri la shuleni, lakini tangu aajiriwe kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli kubwa, Kaka alimwita Pasi, na utani ukaganda mpaka Mama mwenyewe akawa anamwita hivyo. Pasi ndiye pekee aliyekuwa bado anaishi na Mama. Ukiwa wewe ndiye unayeishi na mama, kila jambo huanza na wewe, na mengi huishia hapo hapo.

Mama alikuwa fundi wa kushona turubai. Vitambaa vya miavuli, vya viti, vya mapaa ya vibanda vya kubadilishia nguo, vyote vilipita chini ya sindano yake, na hakuna mgeni aliyekaa kivulini katika ufuo ule ambaye hakuwa na cha kumshukuru. Uvimbe ulipoanza ulikuwa kama ndimu. Mama aliuficha kwa kuvaa magauni mapana. Ulipofika kiasi cha ngumi, haukufichika tena, na Mama akawa halali, hali, wala hashoni.

Siku moja Pasi alikuwa akimwogesha, Mama amesimama ndani ya beseni na kushikilia bomba la ukutani, maumivu yakambana. Pasi akamshika mkono. "Nipe na mimi kidogo, Mama," alisema, kwa namna watu wanavyosema tu. Mama alikuwa amebanwa kiasi kwamba hakupata nafasi ya kukataa. Ugonjwa ukaenda, na haukwenda kidogo, ulikwenda wote. Pasi akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Mama akabaki amesimama na sabuni ikimchuruzika, akauliza kama kuna mkate.

Jirani yao, fundi viatu, aliposikia alitikisa kichwa bila kuacha kugonga misumari.

"Kwetu tuliwahi kufanya hivyo na pumu ya babu," alisema. "Inasaidia, mgonjwa anapumua. Ila msiuache kwa mtu mmoja. Ile pumu ilikaa kwa mjomba mwezi mzima, si kwamba alipenda, watu walikuwa wamesafiri. Siku ya kuirudisha, babu kanyoosha mkono, mjomba kanyoosha mkono, wameshikana mpaka jasho linawatoka. Haikutoka. Ilishamzoea."

"Mwezi mzima ni siku ngapi?" Pasi aliuliza.

"Ishirini na nane, wiki nne kamili. Siku ya ishirini na nane jua likizama, basi. Lakini ugonjwa ukirudi kwa mwenyewe ukapumzika japo saa moja, hesabu inaanza upya."

Muuguzi wa kituo cha afya naye hakuwa na neno. Aliandika kwa penseli kwenye jalada la faili, *hupokezana*, kisha akawaonya kitu kimoja. Kulikuwa na daktari bingwa aliyekuja mjini kila baada ya miezi miwili, na huyo peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusaini barua ya upasuaji. Jina la Mama lilikuwa kwenye foleni yake. "Siku hiyo mgonjwa aje na ugonjwa wake," muuguzi alisema. "Asije mtupu."

Basi wakapanga ratiba, Kaka akaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika kwenye mlango wa jokofu. Jumatatu na Jumanne zilikuwa za Kaka, Jumatano mpaka Ijumaa za Pasi, Jumamosi ya Kitinda. Jumapili Mama aliikatalia. "Ni wangu," alisema. "Siwezi kuwaachia wanangu wiki nzima kama vile sijui aliyeuleta." Mke wa Kaka naye alijitolea, kwa moyo mweupe kabisa, lakini ugonjwa ulikuwa unawatambua waliozaliwa na Mama tu, ukamkataa. Alisikitika mchana kutwa, halafu akala vizuri.

Kwa wiki chache mambo yalikwenda sawa, kama ugonjwa unaweza kusemwa unakwenda sawa. Uvimbe haukupungua kwa kubebwa na wengi. Ulikuwa vile vile kwa kila mmoja, wenye uzito ule ule, na ulikua taratibu bila kujali uko tumboni mwa nani. Walichopata ni zamu tu. Kila mmoja alijua siku yake ya kuumwa na siku yake ya kuwa mzima, na Mama alipata siku sita za kuketi kwenye mashine yake.

Kisha Kitinda akapata mimba. Wote walifurahi, Pasi akafurahi kuliko wote, na hakuna aliyehitaji kusema kwamba tumbo moja halitabeba viwili. Jumamosi ikahamia kwa Pasi mpaka Kitinda ajifungue. Halafu ukaanza msimu wa wageni. Siku moja ya zamu yake Kaka alibanwa akiwa amebeba mwavuli, akamwangushia mzee wa watu aliyekuwa amejilalia anaota jua. Hakuumia, lakini Kaka alirudi nyumbani amenywea.

"Nishikie Jumatatu hii tu," alimwambia Pasi.

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne, kama huna neno. Wewe angalau kazi yako iko ndani, kivulini."

Katika kivuli hicho kulikuwa na mashine nne za kukaushia na pasi ya kuzungusha yenye urefu wa kitanda, na joto lililowafanya wafanyakazi wavue viatu. Pasi alilisha shuka upande mmoja na mwenzake alizipokea upande wa pili. Uvimbe ukimbana aliweka taulo la moto chini ya mbavu, akauma meno, akaendelea. Msimamizi alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Alimpa kiti, kwa sharti asikikalie wakaguzi wakija. Wafanyakazi wenzake walimtania kwamba wao wanachukua likizo za wagonjwa na yeye anachukua wagonjwa wenyewe. Pasi alicheka nao, kwa kuwa kicheko kilikuwa hakimzidishii maumivu.

Siku ya daktari bingwa ilikuwa Alhamisi. Ugonjwa ulikuwa kwa Pasi tangu Jumatatu. Mpango ulikuwa mwepesi: asubuhi amrudishie Mama, Kaka ampeleke kituoni, Pasi aende kazini.

Saa kumi na mbili Pasi aliingia chumbani kwa Mama, akamkuta amelala. Alilala chali, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya shuka na kiganja kikitazama juu, kama anayengoja kupewa kitu. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo wa bahari ulikuwa umempeperushia nywele usoni bila kumwamsha. Kwa miaka miwili Pasi hakuwa amemwona mama yake akilala hivyo. Alisimama pale na mkono wake karibu na mkono ule. Ilibaki kugusa tu. Akasema moyoni, daktari huanza saa nne, hajawahi kuanza mapema. Alale kidogo. Nitasaini kazini, niombe ruhusa, niwakute kituoni saa tatu na nusu.

Akamwachia ujumbe Kaka kwa simu, akatoka kwa kunyata.

Hotelini mabasi mawili ya wageni yalikuwa yamefika alfajiri na mfanyakazi mmoja hakuja. "Shuka mia mbili," msimamizi alisema. "Hizi zikipita tu, nakuachia." Pasi akamwambia ni siku ya daktari. Msimamizi akasema anaelewa, na kwa kweli uso wake ulionyesha anaelewa, akamsukumia kapu la kwanza. Shuka zilipita saa nne na robo.

Daktari bingwa, kwa mara ya kwanza tangu kituo kile kijengwe, alikuwa ameanza saa mbili. Alikuwa na safari mchana. Mama aliitwa wa tatu.

"Daktari, ugonjwa ninao," Mama alimwambia, "ila hapa sikuja nao. Uko kwa binti yangu, yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Anatokea hotelini."

Daktari akatazama saa yake, kisha foleni nje ya mlango, akampaka Mama ile dawa ya ubaridi tumboni na kupitisha kipimo cha utrasaundi kila upande. Alirudia mara mbili, hakufanya haraka. Hakukuwa na kitu. Alimwambia Mama kwamba ana ini la msichana. Kaka alipojaribu kuingilia kati, daktari alimjibu bila ubaya kwamba yeye huandika anachokiona, akaandika: mzima. Akagonga muhuri, akampa Kaka cheti cha uzima, na faili likafungwa.

Pasi aliwakuta kwenye korido, daktari akiwa tayari na mkoba. Alimsimamisha. Alikuwa amekimbia kutoka hotelini, ameshikilia ubavu kwa mikono miwili, akafunua upande wa blauzi. Daktari akaweka mkoba chini, akaubonyeza uvimbe kwa vidole vitatu.

"Ndio wenyewe," alisema. "Huu naujua, nimesoma vipimo vyake vya kwanza. Upande ule ule, umbo lile lile. Umeongezeka kidogo."

"Basi uandike, Daktari."

"Niuandike wapi? Faili lake limefungwa. Na wewe huna faili."

"Nifungulie mimi."

"Kwako si ugonjwa wako. Siwezi kukupasua wewe kwa ugonjwa wa mtu mwingine, na siwezi kumpasua yeye kwa ugonjwa ambao hana."

"Sasa tufanye nini?"

"Muanze upya. Barua ya kituo, vipimo, foleni."

Muuguzi akafunua daftari la miadi, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Foleni mpya ilikuwa ya miezi minane. Daktari akasema pole, na alimaanisha, akamshikia Pasi mlango ili apite kwanza.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kandokando ya ufuo, Mama akiwa amewatangulia kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nguvu. Mlangoni Kaka alimgeukia Pasi.

"Ungemwamsha tu," alisema.

Pasi akalia. Alijua ni kweli. Angemgusa mkono tu, asubuhi ile, na sasa wangekuwa na barua. Alijichukia kwa huruma yake, kisha akamchukia Kaka kwa kumwambia, kisha akakosa wa kumchukia, maana hata daktari alikuwa amemshikia mlango. Mama akamkumbatia, akasema miezi minane si miaka minane. Kaka akabandika cheti cha uzima kwenye jokofu, karibu na ratiba. Alisema ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa chini kupanga lolote, lakini lilijipanga. Kaka hakuomba tena kushikiwa Jumatatu. Hakuja tu. Siku Pasi alipompigia simu, alimjibu kwa upole kwamba tusaidiane, dada yangu, mpaka foleni ifike, na msaada wenyewe ukawa kwamba Kaka alileta matunda. Kila aliyekuja kuwajulia hali alisomeshwa cheti. Watu wakasema Mungu mkubwa, mama amepona. Mwanzoni Pasi alikuwa akieleza, ugonjwa upo, ninao mimi hapa. Wakimsikia walitikisa vichwa kwa huruma, kisha wakageuka kumsifu Mama jinsi alivyonawiri.

Na alinawiri kweli. Mashavu yakajaa. Akarudia kazi zake zote na nyingine mpya, akashona kwa redio iliyofunguliwa juu kabisa. Akajiunga na kinamama waliokuwa wakitembea ufukweni asubuhi. Pasi akiwa kitandani na mto ameukandamiza tumboni, alimsikia mama yake akicheka na mtu barabarani, kicheko ambacho alikuwa amekisahau kwa kuwa mara ya mwisho kukisikia alikuwa shule ya msingi. Alifurahi. Hakujilazimisha kufurahi, furaha ilikuja yenyewe, na ndiyo iliyomfunga mdomo.

Jumapili ilibaki kuwa ya Mama. Saa sita mchana alikaa kitandani, akavua saa ya mkononi, akanyoosha kiganja. Lakini mwili uliokuwa umezoea uzima ulipokea ugonjwa kama ajali. Mama alijikunja, akapiga mayowe ambayo zamani hakuyapiga, akaita mama yake aliyekufa kabla Pasi hajazaliwa. Kaka akawa hapiti tena Jumapili, alisema moyo wake haustahimili. Pasi mwenyewe hakustahimili. Alipaswa kusubiri mpaka jioni, lakini saa moja ikitimia tu alimshika Mama mkono na kuuchukua. Saa moja ilitosha kwa hesabu ya fundi viatu.

Halafu Jumapili moja Kitinda akashikwa na uchungu. Siku nzima ilipita kwenye wodi ya wazazi, na mtoto alipotoka, msichana mwenye nywele tele, Mama ndiye aliyempokea. Hakuna mtu angemwambia bibi aliyempakata mjukuu wake saa ya kwanza ya uhai aweke mtoto chini akaumwe. Jumapili iliyofuata Kaka alikuwa anataka vitambaa vya miavuli thelathini kabla ya sikukuu, na Mama alikuwa amebakiza kumi na viwili. Iliyofuata, watu walikuja kumwona mtoto. Kila mara Mama alimwambia Pasi, kwa sauti ya chini, "Wiki ijayo, mwanangu, bila kukosa." Na kila mara alimaanisha.

Pasi alihesabu. Hakuandika popote, alihesabu akilisha shuka kwenye pasi ya kuzungusha, shuka moja siku moja, akirudia tangu mwanzo. Jumapili ya nne ilikuwa siku ya ishirini na nane.

Siku hiyo Mama alitoka asubuhi na kinamama wenzake, akasema saa sita atakuwa amerudi. Saa sita Pasi alikuwa ameketi sebuleni, mkono wa kulia juu ya paja. Saa nane alikuja Kaka na mkewe, baadaye Kitinda na mtoto, kwa kuwa Jumapili ambazo Mama haumwi walikuwa wakija. Mke wa Kaka akaingia jikoni kupika wali. Saa kumi na nusu Mama akaingia, gauni limeloa mpaka kifuani, mchanga mpaka magotini, macho yamewaka.

"Nimeingia maji mpaka shingoni!" alisema. "Tangu ujana wangu. Walinishika mikono, wimbi likatupiga, tukaanguka wote kama magunia. Nimecheka mpaka nimekunywa chumvi ya bahari."

"Mama, umependeza," Kitinda alisema.

Mama akabadili nguo. Chakula kikaandaliwa, wote wakakaa. Pasi alingoja mpaka Mama akae sawa.

"Mama, leo ni siku ya ishirini na nane."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayekumbusha dawa. Kaka aliacha kupakua, mwiko ukabaki juu ya sahani. Mke wake akatazama mlango. Mama akatazama mkono wake mwenyewe, ambao maji ya bahari yalikuwa yameukunja kwenye ncha za vidole.

"Leo leo?"

"Leo. Jua likizama."

Dirishani jua lilikuwa bado juu ya maji, upana wa mkono hivi. Mama akavuta sahani yake.

"Nimechoka na jua, mwanangu. Toka asubuhi sijatia kitu tumboni. Nile kwanza."

"Mwache ale kwanza," Kaka alisema haraka. "Muda upo."

"Atapokeaje na njaa?" Kitinda akaongeza, akimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

Mama akaanza kula. Alikula polepole, kwa mkono wa kulia, akitafuna kila tonge mpaka liishe kabisa. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya paja, chini ya meza, na Pasi aliyekaa karibu naye aliuona. Ulikuwa umekunjwa ngumi. Ugonjwa haupiti kwenye ngumi. Pasi alitaka kuuvuta mkono ule, aukunjue kidole kimoja kimoja, apige kelele kwamba yeye ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kuingia maji mpaka shingoni na mtu akicheka. Alikasirika mpaka masikio yakawaka. Kisha akakumbuka mayowe ya Jumapili ile ya mwisho, na hakujua tena kama anataka mkono ule ukunjuliwe au la. Alikaa.

Mama akaomba aongezwe. Mke wa Kaka akamwongeza. Kaka akaeleza habari ndefu ya mgeni aliyelala kwenye kiti tangu asubuhi mpaka kivuli kikamhama, na wote wakacheka zaidi ya habari yenyewe. Hakuna aliyetazama dirishani. Mtu ambaye angeingia saa ile asingeona chochote isipokuwa familia inakula, mama yao amekaa kati.

Mama alinawa mikono, akajifuta taratibu, akakunja taulo. Nje jua lilikuwa limezama, kumebaki kijivu. Taa za mikahawa ya ufukweni zilikuwa zimeshawashwa.

"Haya, mwanangu," alisema. "Lete."

Pasi akampa mkono. Walishikana kiganja kwa kiganja kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji, kisha ya pili, kisha ya tatu. Viganja vikalowa jasho, Mama akaubadili mkono, wakajaribu na wa kushoto, ambao sasa ulikuwa wazi. Uvimbe haukusogea. Ulikuwa umetulia chini ya mbavu za Pasi, kimya, na kwa mara ya kwanza haukumsukuma.

"Hautoki," Mama alisema.

"Hautoki," Pasi alisema.

Mama akalia kwa uchungu mkubwa. Alilia kwa kweli, akijipiga kifuani, mpaka Kaka akamshika mabega akamwambia asijipe presha, yeye ni mtu mzima. Alipotulia akainuka mwenyewe, akaenda chumbani, akarudi na mto wake mzuri na shuka jepesi, akavitandika kwenye kochi. Kaka akaahidi kwamba kesho yeye mwenyewe ataenda kituoni kumwekea nafasi kwenye foleni. Mke wake akaondoa sahani. Kila mtu alikuwa akitembea kwa kunyata, akizungumza kwa sauti ya chini, na Pasi hakukumbuka kama waliwahi kumhangaikia hivyo tangu azaliwe.

Mtoto alikuwa akimrushia Pasi mikono, kama anataka kubebwa. Kitinda akamhamishia begani upande wa pili.

"Hapana, mama," alimwambia mtoto. "Usimsumbue mama mkubwa. Mama mkubwa anaumwa."

Pasi akajilaza pale walipomtandikia, na Mama akamfunika miguu.